Mtoto Anapougua: Namna ya Kumtazama, Kumtunza Nyumbani na Kumweleza kwa Daktari

Ukikaa siku nzima katika chumba cha daktari wa watoto, utaona kwamba wazazi huleta mambo yale yale: homa, mafua na kikohozi, kuhara na kutapika, sikio linalouma, vipele, choo kigumu, mtoto asiyetaka kula, mtoto aliyechelewa kusema. Mengi kati ya hayo hupona yenyewe kwa siku chache, na kazi ya mzazi huwa kumpunguzia mtoto adha wakati mwili wake unajiponya. Taabu ni kwamba yale machache ya hatari huanza kwa sura hiyo hiyo. Nimonia huanza kama mafua, homa ya uti wa mgongo huanza kama homa yoyote, na upungufu wa maji unaoweza kuua huanza kwa choo chepesi cha mara tatu au nne. Kutaja jina la ugonjwa mwachie daktari. Mzazi ana ujuzi mwingine ambao daktari hana, nao ni kumjua mtoto huyu alivyo siku zote, na mwongozo huu unakusudia kuuwekea ujuzi huo utaratibu.

Pumzi, kinywaji na uchangamfu

Kabla hujauliza mtoto ana ugonjwa gani, jibu maswali matatu. Anapumuaje? Anakunywa na kukojoa? Anakutambua na kuitikia kama kawaida yake? Mtoto wa miaka miwili mwenye homa ya nyuzi 39 ambaye anapumua bila shida, anakunywa, anakojoa na anacheka akichezeshwa, kwa kawaida anaweza kuendelea kutazamwa nyumbani kwa muda. Mwenziwe mwenye nyuzi 37.8 aliyelegea, asiyeifuata sauti ya mama yake wala kujali anapobebwa na mtu asiyemjua, hana muda huo.

Wahudumu wa afya katika nchi nyingi hufundishwa kuuliza kwanza dalili nne kwa mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5: kwamba hawezi kunywa wala kunyonya, kwamba anatapika kila anachopewa, kwamba amepata degedege, au kwamba amelegea na kusinzia hata haamshiki vizuri. Dalili moja tu kati ya hizo inatosha kumpeleka mtoto hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku wa manane.

Mtazame mara mbili: kwanza homa ikiwa juu, kisha saa moja hivi baada ya kumpa dawa. Karibu kila mtoto mwenye homa kali huonekana mnyonge na hupumua haraka, kwa hiyo uamuzi unaofanywa katika dakika hizo peke yake mara nyingi huwa wa hofu. Anayechangamka na kuomba kinywaji homa inapopungua anakupa habari ambayo kipimajoto hakiwezi kukupa. Anayebaki amelegea ilhali joto limeshuka apelekwe kwa daktari, maana kushuka kwa homa peke yake hakuthibitishi kwamba ugonjwa ni mdogo.

Homa

Homa ni joto la nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi. Kipimo cha kwapani husoma chini kidogo kuliko joto halisi la ndani ya mwili, na mkono uliowekwa kwenye paji la uso unaweza kukuambia kwamba mtoto ana joto, lakini hauwezi kukuambia ni joto kiasi gani. Kipimajoto cha kielektroniki kinatosha. Kile cha zebaki kikivunjika huacha sumu chumbani, na sioni sababu ya kuendelea kukitumia.

Homa yenyewe ni silaha ya mwili dhidi ya vijidudu, na kwa mtoto aliyevuka miezi sita ukubwa wa namba hautabiri vizuri ukubwa wa ugonjwa. Virusi vya kawaida huweza kumpandisha mtoto hadi nyuzi 40, na maambukizi mabaya ya damu huweza kuja na joto la wastani tu. Dawa ya homa basi hutolewa ili mtoto apate nafuu, anywe na alale, wala hakuna haja ya kumwamsha aliyelala kwa utulivu ili anywe parasetamoli.

Kipimo cha parasetamoli hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, kila baada ya saa 4 hadi 6, na isizidi mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 10 huhitaji miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja, kwa hiyo dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5 atapewa mililita 5. Soma chupa kila mara, kwa sababu zipo dawa za matone zenye miligramu 100 katika mililita moja tu, na mzazi aliyezoea kijiko cha mililita 5 akikitumia kwa dawa hiyo atampa mtoto kipimo kinachoweza kuharibu ini. Tumia bomba la sindano lisilo na ncha au kikombe kilichokuja na dawa. Vijiko vya jikoni havilingani. Ibuprofeni inafaa kwa wengi waliovuka miezi sita, lakini mtoto anayehara, anayetapika au asiyekunywa asipewe, kwa kuwa figo zake tayari zina kazi ngumu. Aspirini asipewe mtoto kwa ajili ya homa hata mara moja, kwani inahusishwa na ugonjwa wa Reye, unaodhuru ini na ubongo.

Mvue nguo nzito, mpe vinywaji mara kwa mara, basi. Kumkanda kwa maji baridi humfanya atetemeke, na kutetemeka huongeza joto la ndani. Kumpaka spiriti ni hatari kwa sababu hupenya kwenye ngozi na kuingia katika damu.

Wapo watoto ambao kwao homa haingojewi. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye nyuzi 38 apelekwe siku hiyo hiyo hata kama ananyonya vizuri, kwa kuwa katika umri huo maambukizi ya damu, mkojo au uti wa mgongo hujificha. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, apelekwe mara moja, kwani wengu wake haumlindi ipasavyo. Palipo na malaria, kila homa ipimwe damu ndani ya siku moja, bila kubahatisha dawa. Homa iliyozidi siku tatu bila mafua, kikohozi wala kuhara inahitaji kipimo cha mkojo, hasa kwa mtoto mdogo wa kike. Maambukizi ya mkojo hupitwa mara nyingi kwa kuwa mtoto huyo hajui kusema kwamba akikojoa anaumia. Shingo iliyokakamaa, utosi uliovimba, au madoa mekundu au ya zambarau ambayo hayafifii ukiyabonyeza kwa gilasi ya kioo ni mambo ya hospitali bila kuchelewa. Kwenye ngozi nyeusi madoa hayo hayaonekani kwa urahisi, kwa hiyo chungulia viganja, nyayo na ndani ya kope za chini.

Degedege la homa huwapata takriban watoto 2 hadi 5 katika kila 100, kati ya miezi 6 na miaka 5, nalo ni miongoni mwa mambo yanayomtisha mzazi kuliko mengine yote. Mlaze mtoto kwa ubavu mahali pasipo na kitu cha kumuumiza, legeza nguo shingoni, na tazama saa. Usimtie kijiko, kidole wala dawa mdomoni, na usimbane viungo. Mengi hukoma kabla ya dakika 5 kupita. Likizidi hapo, itisha msaada wa dharura. Hata likikoma mapema, mara ya kwanza mtoto achunguzwe siku hiyo ili kuhakikisha kwamba si homa ya uti wa mgongo wala malaria kali. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kumpa parasetamoli kwa saa zote hakuzuii degedege la homa lisirudi, kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake limempata asijilaumu kwamba alichelewesha dawa.

Mafua, kikohozi na namna ya kuhesabu pumzi

Mtoto mdogo hupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na anayeanza kukaa na wenzake huweza kuzidi hapo. Kwa kuwa kila mafua huchukua siku 7 hadi 10 na kikohozi hubaki hadi wiki tatu, mzazi huona kana kwamba mtoto hajapona tangu mwaka uanze, ilhali ni virusi tofauti vinavyopokezana. Makamasi ya kijani hayamaanishi kwamba anahitaji antibayotiki. Ute hubadilika rangi kadiri chembe nyeupe za damu zinavyofanya kazi, na siku chache baadaye hurudi kuwa mweupe. Antibayotiki haziui virusi, na zikitolewa ovyo humletea mtoto kuhara na vipele, na huwazoeza bakteria kustahimili dawa.

Msaada wa nyumbani ni mdogo lakini una maana. Matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kunyonya humfungulia mtoto mchanga pumzi. Asali, nusu kijiko cha chai kabla ya kulala, hutuliza kikohozi cha aliyevuka mwaka mmoja. Chini ya hapo asipewe hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa unaopooza misuli. Dawa za maji za kikohozi za dukani hazijaonyesha faida kwa watoto wadogo, na zimewahi kuleta maafa: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji za watoto zilizokutwa na dietilini glikoli na ethilini glikoli, kemikali zinazoua figo.

Kinachotenganisha mafua na nimonia ni pumzi, na kuihesabu si kazi ngumu. Ngoja mtoto atulie, afadhali akiwa amelala au amepakatwa, kwa maana mtoto anayelia au aliyetoka kunyonya hapumui kama kawaida. Pandisha nguo ili uone tumbo na kifua, weka saa mbele yako, na hesabu kila kifua kinapoinuka kwa dakika moja kamili. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa kuwa watoto wachanga hupumua kwa vipindi, haraka kisha polepole, na hesabu ya mkato itakudanganya. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, 40 au zaidi. Ukipata hesabu ya juu, rudia. Ikibaki juu, mtoto aonwe na daktari siku hiyo.

Halafu tazama sehemu ya chini ya kifua. Mtoto anapovuta pumzi, kifua na tumbo huinuka pamoja. Ukiona sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta, pua zinatanuka, au anaguna kila anapotoa pumzi, hiyo ni dharura, na midomo au ulimi ukigeuka rangi ya buluu au kijivu usipoteze hata dakika moja.

Milio nayo ina habari zake. Mlio kama wa filimbi anapotoa pumzi, kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja aliyeanza na mafua, mara nyingi ni uvimbe wa virija vidogo vya mapafu unaoletwa na virusi; huzidi siku ya tatu hadi ya tano, kisha hupungua, na kinachowapeleka wengi hospitali ni kushindwa kunyonya. Mlio huo ukijirudia kwa mtoto mkubwa kidogo, ukaja usiku au baada ya kukimbia, fikiria pumu. Dawa za pumu za kuvuta, zikitolewa kwa chombo maalumu cha kuvutia, hufika mapafuni moja kwa moja kwa kipimo kidogo, na imani kwamba zinamzoeza mtoto ulevi wa dawa haina msingi. Kikohozi kinacholia kama mbwa anayebweka, chenye sauti iliyokauka, ni uvimbe wa koo la hewa. Kikija pamoja na mlio mkali anapovuta pumzi hali ametulia, mpeleke. Na mtoto aliyekuwa akicheza salama, mara akapaliwa na kukohoa kwa nguvu, mchukulie kuwa amevuta kitu hadi itakapothibitishwa vinginevyo, hata kama kikohozi kimetulia ulipofika kliniki.

Kuhara na kutapika

Mtoto anayehara hufa kwa kupungukiwa maji na chumvi, na tiba yake imejulikana kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, maji ya dripu yalipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko wa sukari na chumvi wanywe kwa mdomo, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Siri yake ni kwamba sukari na chumvi vikiwa katika uwiano unaofaa huvuta maji kuyapitisha kwenye ukuta wa utumbo, hata utumbo huo ukiwa unaugua. Ndiyo maana soda na juisi hazifai: sukari yake imezidi, nayo huvuta maji kuelekea kwenye utumbo na kuongeza kuhara.

Koroga pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko huo wa sukari na chumvi uliofungashwa tayari, katika kiasi kamili cha maji safi kilichoandikwa juu yake, ambacho mara nyingi ni lita moja, lakini zipo pakiti ndogo pia. Usiigawe pakiti kwa kukadiria na usiongeze sukari. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, na aliyevuka miaka 2 apewe mililita 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko au kwa vimeza vidogo. Hapa ndipo wengi hukosea: mtoto mwenye kiu hunywa kikombe kizima kwa pupa, anatapika chote, na mzazi anaamua kwamba ORS haimfai. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena kwa kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Kazi hiyo huchosha mkono, lakini humwepusha na dripu. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Pakiti isipopatikana, changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo, katika lita moja ya maji safi, na usizidishe chumvi hata kidogo.

Pamoja na ORS, zinki hufupisha kuhara na hupunguza uwezekano wa kurudia: miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Dawa za kufunga kuhara za watu wazima asipewe, kwani hupooza utumbo na kuufungia uchafu ndani.

Upungufu wa maji utaujua kwa macho yaliyoingia ndani, mdomo mkavu, kilio kisicho na machozi, utosi uliobonyea, na nepi iliyokauka kwa saa 6 hadi 8. Finya ngozi ya tumbo na uiachie. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, upungufu ni mkubwa. Nenda hospitali pia ukiona damu kwenye choo, matapishi ya kijani, tumbo lililovimba na kuwa gumu, au kuhara kuliofikisha siku 14.

Masikio, ngozi na choo kigumu

Sikio linalouma usiku humfanya mtoto alie kuliko ugonjwa unavyostahili. Mpe parasetamoli na usitie chochote ndani, iwe mafuta, maziwa au kijiti cha pamba. Kwa mtoto aliyevuka miaka 2 ambaye maumivu yake si makali, daktari anaweza kushauri kungoja siku mbili au tatu kabla ya antibayotiki, na ushauri huo ni wa kitaalamu, wala si uzembe. Usaha unaotoka, au uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele, hauna kungoja.

Katika ngozi kosa kubwa ni krimu ya mchanganyiko, yaani yenye dawa kadhaa pamoja, iliyotumiwa kwa kila kipele. Ukurutu, ngozi kavu inayowasha kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, huhitaji mafuta mazito yasiyo na manukato mara mbili au tatu kwa siku, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri, na krimu ya steroidi kwa siku chache kama daktari alivyoelekeza. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu pekee kwa kuwa fangasi wako ndani ya shina la nywele. Huhitaji dawa ya kunywa kwa wiki kadhaa. Upele unaowasha zaidi usiku, ulioko kati ya vidole na uliompata zaidi ya mtu mmoja nyumbani, mara nyingi ni wa wadudu wa ngozi, na watu wote wa nyumba watibiwe siku moja, la sivyo mtamwambukiza tena yule aliyepona. Vipele vilivyoanza usoni na nyuma ya masikio, vikishuka mwilini pamoja na homa kali, macho mekundu na kikohozi, vinaweza kuwa surua. Mjulishe mhudumu kabla ya kuingia chumba chenye watoto wengine.

Choo kigumu hudharauliwa, nami naona ndilo jambo linalowatesa watoto kimya kimya kuliko yote. Mzunguko wake uko hivi: mtoto hupata choo kimoja kilichomuumiza, anaogopa, anabana miguu na kuzuia, choo kinakaa na kukauka, kinachofuata kinamuumiza zaidi. Baadaye utumbo hutanuka na kupoteza hisia, na choo laini huvuja kuzunguka kile kigumu hadi kwenye nguo. Mzazi humchapa akidhani ni utundu, ilhali mtoto hana habari kwamba kimetoka. Anza kwa maji, matunda na mboga, punguza maziwa yaliyozidi, na mkalishe chooni dakika 5 hadi 10 baada ya chakula akiwa na kitu cha kukanyagia, ili magoti yawe juu ya nyonga. Kama hali imedumu kwa wiki kadhaa, atahitaji dawa ya kulainisha choo kwa miezi, na kuikatisha mapema ndiko kunakowarudisha wengi mwanzo.

Mtoto mchanga ana kanuni zake

Chini ya miezi miwili, usitumie uvumilivu uliojifunza kwa mtoto mkubwa. Mchanga mwenye maambukizi huweza kuwa wa baridi badala ya joto. Nyuzi chini ya 35.5 ni dalili mbaya sawa na homa. Manjano ya ngozi au macho iliyoonekana ndani ya saa 24 za mwanzo, iliyofika viganjani na nyayoni, au iliyodumu baada ya siku 14 ipimwe. Manjano yenye choo cheupe kama chokaa ni ya haraka zaidi, kwa kuwa huenda njia za nyongo zimeziba, na upasuaji hufaa zaidi ukifanywa mapema. Kitovu chenye wekundu unaosambaa kwenye ngozi, au kinachotoa usaha, kipelekwe. Kucheua maziwa kidogo ni kawaida, lakini kutapika kwa nguvu kila baada ya kunyonya, katika wiki ya tatu hadi ya sita, kunaweza kuwa kuziba kwa mlango wa tumbo.

Kilio cha jioni kisichotulizwa hufikia kilele karibu na wiki ya sita na hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Ukihisi hasira inakushika, mlaze mtoto chali mahali salama, toka chumbani, vuta pumzi kwa dakika kumi. Kumtikisa mtoto kwa sekunde chache huweza kupasua mishipa ya damu kwenye ubongo wake.

Kula, kukua na kusema

Wazazi wa watoto wa mwaka mmoja na nusu husema kwamba mtoto ameacha kula. Mara nyingi hajaacha. Katika mwaka wa kwanza mtoto huongeza uzito wake wa kuzaliwa mara tatu; katika mwaka wa pili huongeza kilo mbili hadi mbili na nusu tu, kwa hiyo hamu yake inalingana na mahitaji yake. Jibu liko kwenye kadi ya kliniki: mstari wa uzito unaopanda sambamba na mistari iliyochapwa hauna tatizo hata kama uko chini, na mstari uliolala au kushuka una tatizo hata kama bado uko juu. Mzingo wa mkono, ukipimwa katikati ya bega na kiwiko, ukiwa chini ya sentimita 11.5, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, ni utapiamlo mkali. Maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku baada ya mwaka mmoja, kwani hushibisha bila kuleta madini ya chuma, na mtoto huishia kuwa na upungufu wa damu.

Watoto hawatembei wala kusema siku moja, lakini ipo mipaka ya kungojea. Asiyetabasamu akifika miezi 3, asiyekaa bila kushikwa akifika miezi 9, asiyebwabwaja wala kuonyesha kwa kidole kufikia mwaka, asiyetembea akifika miezi 18, na asiyeunganisha maneno mawili akifika miaka 2, achunguzwe. Aliyekuwa na uwezo kisha akaupoteza, katika umri wowote, achunguzwe bila kungoja. Kwa aliyechelewa kusema, anza na kipimo cha masikio, hata kama ndugu wanasema kwamba baba yake naye alichelewa.

Ukifika mbele ya daktari

Andika kabla ya kutoka nyumbani, kwa kuwa usingizi na hofu hufuta kumbukumbu: siku na saa ugonjwa ulipoanza, joto la juu kabisa, amekojoa mara ngapi tangu asubuhi, amekunywa kiasi gani, na hesabu ya pumzi ukiwa umeipata. Chukua dawa zote alizopewa pamoja na chupa zake, zikiwemo za mitishamba, na usione haya kuzitaja. Kama kuna kitu kinachokuja na kuondoka, mathalani mtikisiko, mlio wa pumzi au kipele, kirekodi kwa simu; video ya sekunde 30 imewahi kumaliza maswali ambayo vipimo vya siku mbili havikuyajibu. Beba kadi ya chanjo pia. Mafua madogo au homa kidogo hayazuii chanjo, na mtoto aliyepitwa na dozi anaweza kuendelezwa bila kuanza upya.

Sema hofu yako waziwazi. Mzazi anayesema "naogopa ni kifua kikuu, shangazi yake anatibiwa" hupata jibu, na daktari hupata habari ambayo asingeiuliza. Kabla hujainuka, uliza mtoto atarajiwe kupata nafuu siku gani, na ni dalili ipi itakayokurudisha kabla ya siku hiyo. Aliyeanzishiwa dawa ya nimonia aangaliwe tena baada ya siku mbili au tatu. Akiendelea kupumua haraka siku hiyo, rudi naye hata kama chupa ya dawa haijaisha, na ukiona kifua kinaanza kubonyea au ameacha kunywa, rudi usiku huo huo.